Amana ya Ujana: Mwili, Khulka na Nafsi

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu kwa tone dhaifu, akamkuza hatua baada ya hatua, akampa mwili wa kutendea, akili ya kupambanua na moyo wa kuhisi. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada, na kwake tunajikinga na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, jamaa zake, Maswahaba zake, na kila mwenye kufuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, mlio misikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Yeye ni kuzilinda amana alizotukabidhi. Leo tunataka kuizungumza amana moja iliyomo katika kila nyumba, nayo ni watoto wetu waliokwisha toka utotoni na hawajaufikia utu uzima: mabarobaro wetu na wasichana wetu, walio baina ya miaka 10 na 19.

Mzazi akiulizwa habari ya kijana wake, mara nyingi hujibu: "Hajambo, mzima." Maana yake ni kwamba hana homa, anakula na anakwenda skuli. Lakini uzima wa mwanaadamu ni mpana kuliko huo. Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, liliieleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na watu, wala si kukosekana maradhi tu. Nasi Waislamu maana hii si ngeni kwetu. Abdalla bin Amr bin Al-Aas (R.A.), naye ni kijana, alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha kwa ibada. Khabari zilipomfika Mtume (S.A.W.) hakumsifu kwa kujichosha huko. Alimfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki juu yake, na mkewe na wageni wake nao wana haki zao. Basi ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kumvunja kijana, itakuwaje kwa mambo yaliyo chini ya ibada?

Ndugu Waislamu, haki ya kwanza ni ya mwili. Katika umri huu mwili hubadilika kwa kasi. Sauti ya mvulana hukwaruza, mifupa hurefuka, nywele huota, harufu ya jasho hugeuka. Msichana huanza kuona ada yake. Zamani katika miji yetu ya pwani msichana alikuwa na somo wake wa kumfunza, na mvulana alikuwa na wazee wa jando. Leo desturi hizo zimepungua, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Mama anaona haya, baba anaona haya, na mwalimu anaipita ile sura ya kitabu kwa haraka. Kijana anabaki na simu mkononi, nayo haina haya hata chembe. Inamfundisha yaliyo kweli na yaliyo uchafu kwa pamoja, wala haimwambii lipi ni lipi. Wanawake wa Madina walikuwa wakimwendea Mtume (S.A.W.) kumwuliza habari za hedhi na janaba, naye akiwajibu kwa adabu na kwa uwazi, na Bibi Aisha (R.A.) akiwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao. Basi enyi mama, waelezeni binti zenu kabla ada haijawafikia, wasije wakadhani wamepata ugonjwa. Enyi akina baba, waelezeni wana wenu habari za ndoto na josho lake. Haya iliyo njema ni ile inayomzuia mtu na ovu, si ile inayomzuia na elimu.

Mwili huu unaokua unataka chakula cha kuujenga. Msichana apotezaye damu kila mwezi anahitaji vyakula vyenye madini ya chuma, kama vile dagaa, samaki, nyama, kunde, maharage na mboga za majani. Na chai ya rangi inywewapo pamoja na chakula huyapunguza madini hayo yasiingie mwilini, kwa hiyo ni bora icheleweshwe. Unataka mwendo na michezo, na wataalamu wanashauri muda wa saa moja kila siku. Tena unataka usingizi wa saa 8 mpaka 10 katika usiku na mchana, nao ndio ulioibiwa kuliko vyote. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya sala ya Isha, ila yaliyo na haja. Leo kijana huingia kitandani saa tatu, akalala saa nane, kwa sababu mazungumzo yameingia naye kitandani ndani ya simu. Alfajiri inampita, skuli anasinzia, jioni ana hasira na kila mtu, nasi tunasema kwamba amepotoka tabia. Huenda hakupotoka, huenda hakulala.

Haki ya pili, ndugu Waislamu, ni ya khulka, yaani ile tabia na umbile la nafsi linalomfanya mtu huyu awe huyu na asiwe yule. Watoto wawili hutoka tumbo moja, mmoja mpole na mmoja mkali. Mmoja hupenda watu na mmoja hupenda upweke. Mwenyezi Mungu ndiye aliyewatofautisha, na Mtume wake alimlea kila mmoja kwa alivyo. Zaid bin Thabit (R.A.) alipotaka kwenda vitani siku ya Badri alirudishwa kwa udogo wake. Kijana mwengine angaliweza kuvunjika moyo. Lakini Mtume (S.A.W.) aliiona akili yake na wepesi wake wa kuhifadhi, akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda mchache, akawa mwandishi wake, kisha, katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A.), ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuikusanya Qurani. Usama bin Zaid (R.A.), kijana wa miaka ipatayo 18, alipewa uongozi wa jeshi katika mwaka wa 11 wa Hijra (632), na ndani yake wamo wakubwa. Na Abu Dharr (R.A.), pamoja na kupendwa kwake, alinasihiwa asishike uongozi, kwani hilo halikuwa katika nguvu zake. Hakudharauliwa kwa hilo. Aliwekwa mahali pake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra (1111), alieleza katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba khulka inaweza kulelewa na kugeuzwa, kwani kama isingaliweza kugeuka, mawaidha yote na adabu zote zingalikuwa kazi bure. Akapiga mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende wala si mtofaa. Lakini ikitunzwa huweza kuwa mtende, wala haiwi mtofaa kwa matunzo yoyote yawayo. Hebu uzingatieni mfano huu, nyinyi wazee. Wapo kati yetu waliopewa kokwa ya tende, nao wanaipiga kwa fimbo kila siku kwa kuwa haizai tofaa. Baba anataka daktari, na mtoto kipawa chake kiko katika mikono, katika useremala au ufundi wa mashine. Mama anataka binti msemaji kama dada yake, na huyu ameumbwa mtulivu. Kisha hulinganishwa mbele ya wageni: "Mtazame mwenzako fulani!" Neno hili ni jepesi mdomoni, lakini kijana hulala nalo kwa miaka. Na wapo wengine waliopewa kokwa hiyo wakaiacha juani bila ya maji, wakasema, "Ndivyo alivyoumbwa." Hao nao wamekosea. Ukali hulainishwa, woga huzoezwa ushujaa, uvivu hutibiwa kwa kazi ndogo ndogo za kila siku. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu utotoni kwa muda wa miaka kumi, naye alieleza kwamba hakupata hata siku moja kuguniwa, wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Na Anas akatoka katika mikono hiyo kuwa bahari ya elimu.

Haki ya tatu ni ya nafsi na hisia zake: furaha, huzuni, hasira, khofu, mapenzi na haya. Wajuzi wa ubongo wanatueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima matokeo na kuzuia pupa, haitimii kukua mpaka mtu afikapo miaka ya ishirini na kitu, na hali sehemu zinazochemsha hisia zimekwisha amka mapema. Kwa hivyo kijana ni mfano wa farasi aliyekwisha pata nguvu, na hatamu yake ingali inasukwa. Haya hayamwondolei wajibu wake mbele ya Mola wake, kwani aliyebaleghe ameandikiwa. Lakini yanatubainishia sisi wakubwa wajibu wetu, nao ni kuishika hatamu pamoja naye kwa upole mpaka mkono wake ukomae.

Sikilizeni jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoishika. Kijana mmoja alimjia mbele za watu akamwomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea wakataka kumnyamazisha. Mtume (S.A.W.) akamwambia akaribie, akakaa karibu naye. Akamwuliza kama angaliliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa mama yake mdogo. Na kila mara kijana akijibu kuwa la, naye akimfahamisha kwamba watu wengine nao hawaliridhii kwa jamaa zao. Kisha akaweka mkono wake juu yake, akamwombea dua asamehewe dhambi zake, usafishwe moyo wake na uhifadhiwe utupu wake. Kijana yule hakuligeukia jambo lile tena. Angalieni, ndugu zangu: shauku yake haikufanywa kuwa ajabu, wala haramu haikufanywa halali. Alikaribishwa, akafikirishwa, akaguswa, akaombewa. Sasa tujiulize: kijana wetu akituletea siri kama hiyo, ataiona nafasi ya kukaa, au ataiona fimbo?

Na hasira je? Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Na hakutuacha na maneno tu. Alituelekeza kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipomwondoka alale. Na akatufundisha udhu na kujikinga kwa Mwenyezi Mungu. Enyi vijana, hii ni dawa ya vitendo. Kabla ya kujibu maneno ya mwenzio, au kuandika jibu katika simu, kaa chini, unyamaze, utie udhu. Jibu litakalobaki baada ya udhu ndilo linalofaa.

Na huzuni je? Hapa tunataka kusema kwa uwazi, kwa kuwa katika jambo hili vijana wengi wameumizwa na ndimi za watu wema. Kijana akihuzunika huambiwa: "Imani yako dhaifu. Mwanamume halii." Nani aliyekuwa na imani kumshinda Nabii Yaakub (A.S.)? Naye alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakapofuka. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipomshika mwanawe Ibrahim katika pumzi zake za mwisho, machozi yalimtoka, na Abdulrahman bin Auf (R.A.) alipostaajabu, alijulishwa kwamba machozi yale ni rehema. Tena alipomwona Abu Umair, mtoto mdogo, amehuzunika kwa kufiwa na kijindege chake, hakumpita kwa kusema ni jambo dogo. Alimwuliza khabari za kijindege chake. Kwani huzuni haipimwi kwa ukubwa wa kilichopotea. Hupimwa kwa ukubwa wa moyo uliokipoteza, na moyo wa mtoto kijindege huujaza.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ndugu zetu Waislamu, baada ya kuzijua haki tatu hizi, imebaki kujua lini huzuni na khofu hutoka katika mpaka wa kawaida zikawa maradhi.

Mwanachuoni Abu Zaid Al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Akabainisha humo kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo, akazieleza kwa urefu hasira, khofu, huzuni na wasiwasi. Akanasihi kwamba kama vile mwenye busara awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, basi na aweke pia fikra njema moyoni wakati wa raha, zimfae wakati wa dhiki. Na katika mji wa Cairo, Sultani Qalawun alijenga mwaka wa 683 wa Hijra (1284) hospitali kubwa iliyowatibu wagonjwa wa miili na wagonjwa wa akili pia. Hiyo ndiyo mila yetu. Lakini leo, akitajwa mtu kwa jina la Kidongo Chekundu hapa Unguja, au Mirembe kule Dodoma, jina hilo la hospitali hutamkwa kama tusi. Na kwa sababu ya tusi hilo, wagonjwa hufichwa vyumbani, hufungwa minyororo, hupigwa kwa kuambiwa wana mashetani, mpaka ugonjwa mdogo ukawa mkubwa. Dua na Qurani ni ponyo, hatulikanushi hilo, lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha dua ndiye aliyetuamrisha kutafuta matibabu, akatujulisha kwamba hapana maradhi ila yana dawa. Msomee mtoto wako, na umpeleke kwa daktari. Hapana ugomvi baina ya mambo mawili haya.

Basi zijueni alama. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kijana mmoja katika kila saba wa umri huu ana maradhi ya nafsi, kwa hivyo haiwi ni habari ya nyumba za wengine tu. Kijana aliyekuwa akicheza akaacha kucheza, aliyekuwa na rafiki akajitenga, anayekesha bila ya usingizi, au anayelala mchana kutwa, aliyekosa hamu ya chakula, aliyeshuka ghafla katika masomo, anayejikata mwili, anayesema kwamba maisha hayana maana au kwamba angekuwa hayupo ingekuwa bora, hayo yakiendelea kwa muda wa wiki mbili, usiyaite utundu. Na lile neno la mwisho usilingojee hata siku moja. Mwulize kwa upole, waziwazi, kama amefikiri kuitoa roho yake. Kumwuliza hakumtii fikra hiyo moyoni. Humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake, uziondoshe karibu naye dawa na sumu za nyumbani, na umfikishe hospitali. Kujiua ni haramu kubwa, hili twalijua sote. Lakini aliyezama baharini hatumwokoi kwa kumhutubia pwani juu ya hatari ya maji. Tunampa mkono kwanza.

Uko wakati mmoja katika mwaka tunaowaombeni akina baba mjihadhari nao sana, nao ni wakati wa kutoka matokeo ya mitihani. Kijana aliyefeli amekwisha hukumiwa na karatasi, amekwisha hukumiwa na wenziwe, na amekwisha jihukumu mwenyewe kabla hajafika mlangoni. Hukumu ya nne ni yako. Ukimwambia kwamba umepoteza fedha zako bure na kwamba si mtoto wako, hujui atakwenda wapi usiku ule. Ukimwambia: "Keti ule, mwanangu, kesho tutashauriana," hukumpunguzia wajibu wake wa kusoma, umemwachia nguvu za kuutekeleza. Luqman alipomuusia mwanawe alianza kwa neno la mapenzi, na mara tatu katika wasia wake alimwita kwa neno hilo. Na Yusuf alipoota ndoto yake alimwendea baba yake akamweleza, naye hakucheka. Alisikiliza, kisha akamshauri. Al-Aqra bin Habis alipojisifu kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kwamba asiyerehemu harehemewi.

Nanyi vijana wetu, wavulana kwa wasichana, mna wajibu wenu. Shikeni sala tano, kwani zinaigawa siku yenu na kuipumzisha nafsi. Chagueni rafiki, maana bangi, unga na mirungi haviletwi na adui; huletwa na rafiki, tena kwa jina la kuondoa mawazo. Wekeni simu nje ya chumba cha kulala. Mtafuteni mtu mzima mmoja mnayemwamini, awe mzazi, shangazi, mjomba, mwalimu wa skuli au wa chuo, na msingoje mpaka mzigo uwalemee. Na ukimwona mwenzio ananyamaza siku nyingi, mfuate. Akikuambia siri ya kutaka kujidhuru, siri hiyo si ya kuifunika; kumweleza mkubwa ni kumlinda nduguyo, si kumsaliti.

Ndugu Waislamu, usiku wa leo, kabla ya kulala, na kila mmoja wetu aketi na kijana wake kwa muda mfupi, bila ya simu na bila ya karipio, amwulize hali yake, kisha asikilize jibu mpaka mwisho.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie vijana wetu katika miili yao, uzitengeneze khulka zao, uzitulize nyoyo zao. Mwenye huzuni mfariji, mgonjwa mponye, aliyepotea mrejeshe. Tupe sisi wazazi wao ulimi wa upole na sikio lenye subira. Uwasamehe wazee wetu waliotutangulia, uwape amani Waislamu wote na walimwengu wote. Mpe rehema na amani Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.